Ukitaka santuri adimu, fuata majina ya wapigaji

Wanaoanza kukusanya santuri huniuliza swali moja: nitajuaje kama albamu nisiyowahi kuisikia inafaa, hasa zile zisizoeleweka kama ni jazi, taarabu au dansi? Geuza jalada. Mbele kuna picha, nyuma ndiko kwenye habari. Soma nani kapiga besi, nani kapiga ngoma, ilirekodiwa wapi, na kampuni gani. Nyota wa jalada mara nyingi hubanwa na kile wateja wake walichokizoea. Wapigaji wake ndio wanaozunguka, leo bendi hii kesho ile, na siku wakipata nafasi ya kurekodi kwa jina lao, hapo ndipo wanapotoa mambo ambayo hakuna aliyewaagiza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote huu hapa. Mwaka 1958 Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi, alirekodiwa akipiga kwenye klabu ya Five Spot, New York, na baadhi ya nyimbo hizo zikatoka kwenye albamu ya Misterioso. Hiyo ni maarufu, hutasumbuka kuipata. Kwenye saksafoni yupo Johnny Griffin, kwenye besi Ahmed Abdul-Malik. Wengi huishia kwa Monk. Mimi nilimfuata mpiga besi, akanifikisha kwenye Jazz Sahara, aliyoirekodi mwaka huohuo kwa kampuni ileile ya Riverside. Griffin yumo tena, lakini safari hii Abdul-Malik ameshika udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, na kuna fidla, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa) na dumbaki (ngoma ndogo ya mkono). Nyimbo ni nne tu, zote ndefu. Mtu aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kufundishwa kitu hapo: udi ni udi, ganuni ni ganuni, anasikiliza kwa raha zake mpaka saksafoni inapoingia, kisha anashtuka. Msikilize Griffin kwa makini. Ni mtu wa mbio, aliyezoea muziki unaobadilika kila baada ya hatua chache. Humu anakuta mahadhi yametulia mahali pamoja, na unamsikia akitafuta pa kupita. Ni kwa ajili ya dakika kama hizo natafuta santuri.

Na msururu haukatiki hapo. Mwaka 1959 Abdul-Malik alirekodi East Meets West kwa RCA Victor, na humo yumo Lee Morgan na tarumbeta yake. Mpiga fidla wa Jazz Sahara, Naim Karacand, alikuwa mzaliwa wa Aleppo, Syria, na alikuwa ameshapiga kwenye santuri za Waarabu wa New York miongo mingi kabla ya hapo. Jina moja la nyuma ya jalada limekufungulia dunia nzima. Nunua daftari, andika majina.

Dalili ya pili ni ala isiyotarajiwa. Taishokoto, kwa mfano, ilibuniwa Japani, ina vibonyezo kama vya taipureta, na imekuwa ala ya taarabu ya Mombasa hata wengi hudhani ni ya kwetu tangu mwanzo. Isikilize kwa Zuhura Swaleh na Maulidi Musical Party kwenye Jino la Pembe, iliyotolewa na GlobeStyle mwaka 1992. Kampuni hiyohiyo mwaka 1989 ilitoa Nyota, ya Black Star na Lucky Star wa Tanga, vikundi vilivyoingiza gitaa na besi kwenye taarabu. Ukishaisikia hiyo, mpaka kati ya taarabu na dansi utaona ni wa makaratasi tu.

Dukani, usipoteze muda mwingi kwenye rafu zilizoandikwa majina ya miziki. Albamu iliyochanganya mambo mawili haina rafu; muuzaji huitupia kwenye boksi la mchanganyiko chini ya meza, na bei yake huwa nafuu kwa sababu hakuna anayeiulizia. Omba kuliona hilo kwanza. Santuri yenyewe itoe kwenye jalada, iinamishe kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba si neno, ila ile unayoihisi kwa ukucha itaruka kila siku ya maisha yake. Ukungu wa Pwani huoshwa: maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi), tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Usiloweshe lebo.

Kwa muziki wetu wenyewe kuna jambo la kuzingatia. Miaka ya 1970 biashara kubwa Afrika Mashariki ilikuwa santuri ndogo za inchi 7, si LP (santuri kubwa za albamu nzima), na hata bendi za Tanzania santuri zao nyingi zilichapwa Nairobi. Kwa hiyo anayesubiri albamu kamili tu atakosa mengi mno. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, basi ukakatwa vipande viwili. Upande wa kwanza unapata mashairi na kisa. Wa pili, mara nyingi, waimbaji wamepunguza maneno na magitaa yameachiwa uwanja. Ukipewa nafasi ya kujaribu santuri moja tu pale dukani, weka sindano upande wa pili.