Maswali ya Wasomaji: Seli za Saratani, Tandazo na Tonge

SWALI: Asalamu aleikum, Mhariri. Mama yangu anatibiwa saratani ya utumbo mpana. Nimesikia redioni kwamba dawa nyingi zinazoua seli za saratani maabarani hushindwa zikifika kwa wagonjwa, na kwamba wataalamu sasa huotesha seli hizo zikawa tonge badala ya kuzitandaza. Tonge linaongeza nini? Je, laweza kumchagulia mama dawa? (Msomaji, Shela, Lamu)

JIBU: Waaleikumu salamu, na Mwenyezi Mungu amuafu mama. Tangu seli za HeLa, zilizotolewa kwa mgonjwa wa saratani, Henrietta Lacks, huko Baltimore, Marekani, mwaka 1951, maabara zimezoea kuotesha seli juu ya plastiki, zikatandaa tabaka moja. Ukimimina dawa, kila seli huipata sawasawa, kama chapati ipatavyo moto juu ya chuma. Uvimbe wenyewe umekaribia zaidi kaimati, ambayo mafuta yakiwa makali mno huiva nje hali ndani bado ni unga mbichi. Oksijeni hupenya nyamani mikromita 100 hadi 200 tu kutoka kwenye mshipa wa damu, hata robo ya milimita haifiki. Kwa hiyo katika tonge seli za nje hugawanyika kwa kasi, za kati hulala, na tonge likizidi kipenyo cha nusu milimita hivi, za kiini hufa. Dawa nyingi za kemo hulenga seli zinazogawanyika, basi zilizolala huponyoka hata dawa ikizifikia, na mara nyingi haizifikii: doksorubisini, kwa mfano, huishia zaidi katika matabaka ya nje. Sioni kuwa tandazo lilidanganya. Liliulizwa swali dogo, likajibu hilo.

Ama kuhusu mama, mwaka 2009 Toshiro Sato na Hans Clevers, nchini Uholanzi, walionyesha kuwa seli shina moja (seli mama izaayo seli nyingine) ya utumbo wa panya, ikiwekwa ndani ya jeli, huota tonge mfano wa kijiutumbo. Baadaye njia hiyo ikatumiwa kwa vipande vya uvimbe wa wagonjwa, vikajaribiwa dawa. Lakini huchukua wiki kadhaa, vipande vingine havioti, na tonge halina damu, kinga wala ini la kuivunja dawa. Bado ni kazi ya utafiti kuliko ya wodi, hivyo mama asisimamishe matibabu akiingojea. Ikiwa ugonjwa umesambaa, muulizeni daktari wake kama uvimbe umepimwa jeni za RAS, zinazoamrisha seli kukua, kwa sababu zikiwa zimebadilika, dawa iitwayo setuksimabu kwa kawaida haitamfaa.