Sabufa kuunguruma TV na friji zikiwashwa

Mkuu uliyeuliza kwa nini sabufa inaunguruma ukiwasha TV na friji, sabufa yako si mbovu. Chomeka amplifaya, TV na king'amuzi kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Friji na chaja za simu zihamishie soketi nyingine. Vifaa vilivyoungana kwa waya za sauti vikichukua ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) sehemu mbili tofauti, mkondo mdogo wa umeme unazunguka kati yake, na kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani unatetema mara 50 kwa sekunde, wewe unausikia kama ule mvumo mzito. Natengeneza redio hapa Mwanga, Kigoma, na nyingi ninazoletewa kwa tatizo hili hata sizifungui. Jaribu hivi: chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikata, mchawi wako umempata. Waya za sauti nazo zisilale sambamba na za umeme. Ila nakuomba sana, usikate mguu wa ethi kwenye plagi! Mvumo unaweza kuisha, lakini siku bodi ya chuma ya kifaa ikishika umeme, mtoto akiigusa inaweza kumuua. Na kama unatumia inveta ya sola ya bei rahisi, ule mlio mkali kama wa nyuki mara nyingi unatoka kwenye inveta yenyewe, hapo ekstensheni haisaidii.