Farasi anayegoma kuondoka: maumivu yachunguzwe kwanza

Ndugu yangu, umeeleza kuwa farasi wako wa kupanda hapo Bagamoyo hugoma kuondoka akishatandikwa, na kwamba msaidizi wako anashauri achapwe zaidi. Nakusihi, fimbo iwekwe kando. Farasi kwa asili ni mnyama anayewindwa, hivyo huficha maumivu, na tunachokiita ukaidi mara nyingi ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kueleza kuwa anaumia.

Mwangalie unapokaza mkanda wa tandiko: je, hulaza masikio nyuma, hupigapiga mkia au hugeuka kutaka kukuuma? Kisha pitisha vidole kwa mkandamizo wa wastani kando ya uti wa mgongo, pande zote mbili. Misuli inaposhtuka au mgongo unapozama, hapo pana jambo. Daktari wa mifugo Sue Dyson wa Uingereza alichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa, na zikionekana 8 au zaidi, yamkini anaumwa viungo au misuli.

Kwato, meno na tandiko vikaguliwe pia. Kwa kuwa upande wa Saadani kuna mbung'o, mwombe daktari wa mifugo apime damu, maana nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, nayo humpunguzia mnyama nguvu. Hadi majibu yatoke, asipandwe.