Mwanangu hataki kanisa: je, nimekuwa Eli?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nafanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti upande wa Nassa, na mimi nimewalea wanangu kanisani tangu wakiwa wachanga. Sasa kijana wangu wa miaka 19, ambaye dagaa anawajua kuliko mimi, ameniambia hasali tena, eti hiyo ni dini ya babu. Nikamjibu asiyekwenda ibadani hatalala nyumbani kwangu. Mama yake analia kila siku. Usiku nawaza habari za Eli, yule kuhani wa kwenye Biblia, na wanawe. Nimekosea wapi? Nimlazimishe?

JIBU: Asifiwe milele, ndugu yangu. Nianze na Eli, maana naona ndiye anayekunyima usingizi.

Soma tena 1 Samweli 2. Wana wa Eli hawakuwa vijana waliokacha ibada. Walikuwa makuhani, tena hawakosekani madhabahuni, ila nyama ya sadaka walitwaa kwa nguvu na wakalala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Eli alihesabiwa kosa kwa sababu alijua uovu huo wala hakuwazuia (3:13). Sasa fungua sura ya 8. Wana wa Samweli nao wanapokea rushwa na kupotosha hukumu. Samweli yuleyule aliyempelekea Eli ujumbe wa hukumu! Hapo Maandiko hayamtwiki baba lawama yoyote. Basi mtoto kupotoka, peke yake, si ushahidi dhidi ya mzazi. Sisi wahubiri tunaopenda kuwatisha wazazi kwa Eli, mara nyingi tunafunga Biblia kabla ya kufika sura ya 8.

Hilo la kulala nje lifute leo, kabla jua halijazama. Mwana mpotevu wa Luka 15 aliondoka kwa miguu yake, baba hakumfukuza.

Sasa neno lake, "dini ya babu". Limekuuma, lakini lina kitu ndani. Kule Nassa wamisionari Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) ndio waliotangulia kuhubiri, kisha mwaka 1909 Africa Inland Mission wakaipokea kazi ile. Wazee wa enzi za baba yako wengi wao waliingia kwa kisa: nilikuwa hivi, Yesu akanikuta hapa. Sisi watoto wao tulikuta mabenchi yameshapangwa. Wajukuu wamekuta ratiba. Waamuzi 2:10 inasema kikainuka kizazi kisichomjua Bwana, "wala hiyo kazi aliyoitenda kwa ajili ya Israeli". Kazi aliyoitenda, yaani kisa chenyewe, hawakuwa nacho. Ndiyo maana Yoshua aliyasimamisha yale mawe 12 yaliyotolewa mto Yordani Israeli walipovuka, ili siku moja mtoto aulize maana yake ni nini. Anayeanza ni mtoto, kwa swali. Kijana wako ameuliza, ingawa kwa ukali.

Na nikuulize na mimi: dagaa alifundishwa na nani? Hakukaa darasani. Alisimama nawe mwaloni alfajiri, na leo akishika konzi moja kiganjani anajua kama walianikwa mchangani au kwenye chanja. Bila shaka mvua ilipokulowesheeni mzigo alikuona ukihesabu hasara. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka imani ifundishwe namna hiyohiyo, "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani". Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo kijana alisikiliza wakubwa wakizungumza. Katika barua yako yote umetaja kanisa. Hujasema hata mara moja kwamba mwanao aliwahi kukusikia ukiomba.

Siku mzigo ulipolowa, ulimwambia Mungu nini? Mwambie kijana. Kama ulinung'unika, mwambie na hilo. Zaburi 78, ile inayoahidi "hatutawaficha", baada ya hapo sehemu kubwa yake ni aibu za mababu: walivyoasi, walivyosahau, na Mungu alivyowavumilia. Asafu, mwenye zaburi hiyo, hakuwapamba. Watoto wetu wanatuona sokoni tunavyopima na tunavyodai, kwa hiyo ushuhuda uliopakwa rangi hawaununui.

Mama yake usimwone dhaifu kwa kulia. Imani ya Timotheo ilipita kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani, na imani yake haitajwi popote.

Je, umlazimishe? Wadogo zake nenda nao ibadani, hao bado wako mkononi mwako. Huyu wa miaka 19 mwombe, usimburute. Sala ya nyumbani iendelee, na nafasi yake iwe wazi hata akikaa kimya na simu yake. Akiuliza usilolijua, sema hujui. Mbalamwezi ikiingia, mitumbwi ya dagaa ikipumzika, njooni kwangu wote wawili jioni. Maswali yake aje nayo yote, hata yale ya matusi, chai itakuwepo.