Na aliyerudi tulimpokeaje?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini madaktari wetu wa Tanzania wanaondoka nchini wakishahitimu, na nini kitawarudisha. Nusu ya kwanza ya swali naiacha, kila aliyewahi kulala zamu wodini anaijua. Nilikuwa muuguzi hadi nilipostaafu, na msimamo wangu nausema mapema: aliyesomeshwa kwa mkopo wa serikali afungwe kwa mkataba wa kufanya kazi hapa nchini miaka mitano, na akitaka kuondoka kabla, alipe. Lakini mnauliza habari za walioondoka tu. Mimi nina habari za aliyerudi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alimaliza utarajali, yaani ule mwaka wa mazoezi hospitalini baada ya chuo, akasubiri ajira mpaka akachoka, akaenda Botswana. Baadaye akasomea Afrika Kusini ubingwa wa usingizi na ganzi, fani ambayo mabingwa wake hapa kwetu hawatoshi hata kidogo. Hospitali nyingi za wilaya, mgonjwa wa upasuaji hulazwa usingizi na muuguzi au tabibu aliyepewa mafunzo ya ziada. Alirudi kwa sababu mama yake anaugua, na alikuwa amechoka kuitwa mgeni.

Nilimsindikiza ofisini kuomba kazi serikalini, nikidhani bado ninafahamika. Afisa utumishi, kijana aliyeniamkia kwa adabu zote, alifungua bahasha, akapitia cheti kimoja kimoja, kisha akauliza: "Dokta, kwani kule walikufukuza?" Mpwa wangu akacheka, akidhani ni utani. Kijana hakucheka. Akamuuliza umri. Miaka 46. Bahasha ikafungwa. Matangazo ya ajira serikalini wote tunayasoma: mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa kama tayari ni mtumishi wa umma. Miaka ya Botswana haikuhesabika. Kuna ajira ya mkataba, akatuambia, ila inataka kibali, na kibali hakitoki pale. Masjala wakasema mhusika yuko kikaoni Dodoma.

"Mama mdogo, tukae kidogo," mpwa wangu akasema. Tukakaa kwenye benchi la korido. Dereva wa ofisi akasikia kwamba huyu ni daktari, akaja kuulizia dawa zake za presha. Akafuata mama wa masjala na goti lake. Mhudumu akaleta karatasi za sukari za mumewe. Mpwa wangu akawasikiliza wote, tena kwa utaratibu, mmoja mmoja, akamwandikia dereva maswali ya kwenda kumuuliza daktari wake. Mchana yule kijana wa utumishi naye akatoka, akasogea na simu, akafungua majibu ya vipimo vya mkewe aliyekuwa karibu kujifungua kwa upasuaji. Alitaka kujua kama ganzi ya mgongoni ina madhara. Akajibiwa vizuri, tena kwa kirefu. Akashukuru, akarudi ndani. Kibali hakuna aliyekitaja tena.

Nikiandika hivi naona ule mkataba wangu wa miaka mitano unapwaya. Utamfungaje mtu ambaye hujamwajiri? Mnakumbuka 2017, Kenya ilipotoka kwenye mgomo wa madaktari wa siku 100 ikaja kutuomba 500. Hayati Magufuli alikubali, mahakama ya Kenya ikaingilia, naye akaagiza 258 waliokuwa wameomba nafasi zile waajiriwe hapahapa. Nilifurahi kama wengine. Ila hao 258 walikuwa wapi siku zote? Mtaani, na vyeti vyao.

Wapo wanaosema Ulaya ndiyo inatuibia. Uingereza imeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri wake hawatakiwi kwenda kutafuta wataalamu wa afya. Ni jambo jema, lakini daktari akiomba kazi mwenyewe, hakuna anayemzuia. Ghana ndiyo inanipa moyo. Mwaka 1989 walianza kufundisha mabingwa wa uzazi nyumbani, wakisaidiwa na vyuo vya Marekani na Uingereza, na kwa miaka mingi karibu wote waliohitimu walibaki. Sisi nasi tunafundisha mabingwa kwenye hospitali kubwa za Muhimbili, KCMC na Bugando, kwa hiyo kusomea nyumbani peke yake hakutoshi kama hakuna nafasi ya kuingia.

Basi nimelegea. Mkataba uwepo, ila wa kwanza kufungwa awe mwajiri: atoe ajira ndani ya muda unaojulikana, na kile kikomo cha miaka 45 kisimhusu bingwa anayerudi. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba hilo lingemtosha mpwa wangu. Watoto wake bado wanasoma Gaborone, kule Botswana, na sasa anafanya kazi hospitali ya misheni kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, huku leseni yake ya Botswana akiilipia kila mwaka. Nimemuuliza kwa nini anailipia. Akanijibu, "Mama mdogo, wewe ungeacha?"

Na siku nyingine mtuulize kuhusu wauguzi. Nao wanaondoka, hata gazetini hawaandikwi.