Ukiwa ndani ya chroot, usiiulize uname toleo la kerneli

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili nihakikishe nimelielewa. Umewasha laptopu kwa flashi ya Debian 12, ukashusha Debian 13 kwenye diski kwa debootstrap (zana inayoweka msingi wa Debian), ukaingia chroot, yaani ukafanya kazi ndani ya mfumo wa kwenye diski huku mashine ikiwa bado imewashwa kwa flashi. Ukaandika uname -r, amri inayotaja toleo la kerneli (kiini cha mfumo kinachoendesha mashine), ikakujibu 6.1.0-37-amd64. Kisha ukafuata maelekezo uliyoyakuta mahali, ukaandika apt install linux-image-$(uname -r), na apt, kisakinishi cha vifurushi, ikagoma kwamba kifurushi cha jina hilo hakionekani. Sasa unauliza kama seva ya vifurushi ina kasoro.

Seva iko sawa. Ulivuka na gari kwa kivuko cha Kamanga? (Najua wengi siku hizi mnapita daraja la Kigongo-Busisi, nivumilieni.) Umekaa kwenye usukani wako, viti vyako, redio yako inaimba, na gari linasogea kwenda Sengerema. Lakini injini inayounguruma ni ya kivuko, ya kwako umeizima. Chroot ndiyo hiyo. Mafaili ni ya mfumo mpya, apt ni ya mfumo mpya, ila kerneli inayoendesha mashine ni ile iliyotoka kwenye flashi. Na uname haisomi diski, inaiuliza kerneli iliyo kazini. Itakutajia 6.1 mpaka uwashe mashine kutoka kwenye diski yenyewe. Debian 13 inakuja na 6.12, kwa hiyo ulikuwa unaliomba duka jipya bidhaa ya duka la zamani.

Kitu cha pili ambacho maelekezo mengi yanakiruka: debootstrap haileti kerneli kabisa. Ukiwa ndani ya chroot andika ls /lib/modules, saraka inayotunza moduli, yaani vipande vya kerneli zikiwemo draiva. Usishangae kukuta saraka yenyewe haipo. Halafu weka hii:

apt install linux-image-amd64

Hilo jina halina namba, na ndivyo inavyotakiwa. Ni kifurushi kinachovuta kerneli ya sasa ya toleo lako la Debian, na masasisho ya baadaye yanakuja yenyewe. Mimi sioni sababu ya mtu wa kawaida kuandika namba kwa mkono. Ikimaliza, rudia ls /lib/modules. Utaona saraka inayoanza na 6.12 na kuishia na +deb13-amd64. Jina hilo lote, pamoja na mkia wake, ndilo toleo lako. Popote maelekezo yanaposema $(uname -r), futa, weka hilo. Ukikuta saraka mbili, linganisha na faili za vmlinuz (ndizo kerneli zenyewe) zilizoko /boot. Isiyo na mwenzake huko ni masalia.

Jihadhari zaidi na update-initramfs -c -k $(uname -r). Apt angalau inakataa wazi. Hii italalamika kidogo kwamba saraka ya moduli haipo, kisha itatengeneza faili la initrd (linaloisaidia kerneli mwanzoni mwa kuwaka) hivyo hivyo, na wewe utaona kazi imekwisha, kumbe si la kerneli yako.

Mimi nimeshaumbuka kwa jambo hili hili. Mwishoni mwa 2023 niliandaa laptopu ya mwalimu mmoja wa Ukerewe. Niliifanyia kazi nyumbani Nyakato, kwa flashi ya Ubuntu 23.10 kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi, nikaweka Debian 12 kwa debootstrap. Wi-Fi ilikuwa inashika vizuri, uname -r inasema 6.5, nikajua mambo safi. Umeme ukakatika betri ikiwa karibu kuisha, nikaizima bila hata kujaribu kuiwasha kutoka kwenye diski. Kesho yake nikapanda meli nayo.

Nansio, mbele ya mwalimu na watoto wake waliokuja kuona kompyuta, nikaiwasha. Ikawaka vizuri. Wi-Fi hakuna. Kadi yake ilikuwa Realtek RTL8852BE, ambayo draiva yake iliingia kwenye kerneli kuanzia 6.2, na Debian 12 ni 6.1. Siku nzima ile nyumbani nilikuwa nasifu injini ya kivuko. Kilichoniokoa ni simu: nikaichomeka kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti, nikaweka bookworm-backports (hazina ya vifurushi vipya zaidi kwa ajili ya Debian 12) na kuchukua kerneli ya 6.5 kutoka huko, pamoja na firmware-realtek, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Bando langu likaishia pale. Mwalimu akanipa sato wawili, sikukataa.

Tangu siku hiyo sitoki chroot kabla ya kuuliza kama kerneli itakayowaka ina draiva ya Wi-Fi. Kwanza naandika lspci -k nikiwa kwenye flashi, naona draiva gani inatumika kwa Wi-Fi. Kisha ndani ya chroot naandika modinfo -k, jina la saraka niliyoiona kwenye /lib/modules, halafu jina la draiva. Ikinipa maelezo, moduli ipo kwenye kerneli itakayowaka. Ikisema haikupatikana, nahamia backports nikiwa bado na mtandao. Na hakikisha kwenye sources.list (orodha ya mahali apt inapochukua vifurushi) umeongeza non-free-firmware, maana draiva bila firmware yake nayo haikusaidii.

Kwa hiyo mkuu: weka linux-image-amd64, weka grub (programu inayoiwasha kerneli kutoka kwenye diski), andika update-grub na uangalie kama inataja vmlinuz ya 6.12. Ikitaja, toka, ondoa flashi, washa upya. Hapo sasa uname -r itasema kweli. Ikigoma, bandika hapa majibu ya ls /lib/modules na ls /boot, jioni nikirudi kutoka kibaruani nitayapitia.