Niliiona kwa macho yangu televisheni ambayo haikuwepo

Mkuu mleta mada, nimekusoma mara mbili. Unasema wewe na kaka yako hamsemezani tangu arobaini ya baba, kwa sababu kila mmoja anaapa ni yeye aliyembeba mzee usiku ule wa 2009 na kumfikisha hospitali. Unauliza mwongo ni nani, na kama ni kweli ubongo unarekodi kila kitu kama kamera, ila sisi tu ndio hatujui kukitoa. Wachangiaji wa juu wameshakuambia kaka yako anajitengenezea njia ya mirathi. Ya mirathi mimi siyajui. Nitajibu hili la kumbukumbu, maana limenikuta na lilinitoa jasho mbele ya mama yangu mzazi.

Mimi mtu wa Muheza, huko ndani ndani. Tarehe 14 Oktoba 1999, siku ya Alhamisi, Mwalimu Nyerere alipofariki London, nilikuwa darasa la tano. Kwa karibu miaka ishirini nimeisimulia siku hiyo hivi: tumejazana sebuleni kwa mzee mmoja mwenye duka, televisheni ina chenga, Rais Mkapa anatangaza msiba kwa ile sauti yake nzito, na mama kakaa mbele yangu kwenye jamvi anajifuta machozi kwa pindo la kanga. Kanga yenyewe naijua, nyekundu, ya korosho. Nimewasimulia wanangu, nimesimulia kijiweni, na kila nikifika kwenye ile kanga watu hunyamaza kidogo. Ni hadithi nzuri.

Mwaka 2018 mama alihamia kwa dada, Tanga mjini. Katika kufungasha tukafungua sanduku lake la bati, na chini kabisa, pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki, likatoka daftari langu la Kiswahili. Ndani mna insha. Mwalimu wetu alituandikisha habari za msiba baada ya mazishi ya Butiama, kwa hiyo ni kama wiki mbili tu baada ya tukio. Mwandiko ni wangu, na makosa ni yangu. Nimeandika kwamba tulikuwa tumetumwa kuchota maji ya shule, tukakuta watu wameizunguka redio pale dukani, tukarudi mbio, mwalimu mkuu akashusha bendera nusu mlingoti. Halafu ikafuata sentensi iliyopigwa kalamu nyekundu: "Nilifurahi kidogo kwa sababu mtihani wa hesabu haukufanyika." Pembeni mwalimu kaandika neno moja tu: Adabu!

Televisheni hakuna. Mama hakuna. Kanga hakuna.

Nikabisha. Nikasema labda tulienda kutazama jioni. Dada akacheka: televisheni gani? Kijijini kwetu ya kwanza ililetwa 2002 kwa ajili ya Kombe la Dunia, ikafungwa sebuleni kwa huyo huyo mzee wa duka, na jenereta lake lilikuwa linazima dakika za lala salama. Mama akamalizia: "Mwanangu, wiki ile mimi nilikuwa Korogwe namuuguza shangazi yako. Nilikuwa na dada yako." Na kweli, aliyemwona mama akilia na kanga ya korosho ni dada. Yeye ndiye aliyekuwa akitusimulia tulipokuwa wadogo.

Ona sasa jinsi mtambo ulivyofanya kazi. Sura na sauti ya Mkapa nilivipata miaka ya baadaye, maana kila tarehe 14 Oktoba vituo vinarudia picha zile zile. Sebule na chenga nimezitoa kwenye Kombe la Dunia. Machozi ya mama nimemwibia dada. Vipande vyote vitatu ni vya kweli, hakuna nilichozua. Nilichokosea ni kuvishona pamoja, na sikuwahi kuisikia sindano ikipita. Kilichodondoka kwenye mshono ni ile furaha ya mtihani kuahirishwa, na nadhani unaelewa kwa nini hiyo haikupendeza kubaki.

Niliona aibu, nikaanza kusoma. Kumbe wenzangu ni wengi, tena wasomi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Ulric Neisser, aliyekuwa akikumbuka vizuri kabisa jinsi alivyosikia habari za Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, kushambuliwa, tarehe 7 Desemba 1941: yuko nyumbani anasikiliza mechi ya besiboli redioni, ghafla matangazo yanakatizwa. Alikaa na kumbukumbu hiyo miaka mingi mpaka akajishtukia kwamba Desemba besiboli haichezwi. Baadaye wenzake walionyesha kwamba inaelekea ilikuwa mechi ya futiboli ya Kimarekani, kati ya timu mbili za New York zilizokuwa na majina sawa na timu za besiboli.

Huyo Neisser na mwenzake Nicole Harsch wakalipima jambo lenyewe. Asubuhi baada ya chombo cha anga Challenger kulipuka, Januari 1986, waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi waandike walikuwa wapi, na nani, wamesikia vipi. Baada ya miaka kama miwili na nusu wakawatafuta 44 kati yao na kuwauliza upya. Majibu yakapewa alama, ya juu kabisa ikiwa 7, na wastani haukufika hata 3. Robo yao walipata sifuri, yaani hakuna walichopatia. Lakini walipoulizwa wana uhakika kiasi gani, wastani ulikuwa juu ya 4 kati ya 5! Tena walipoonyeshwa karatasi za mwandiko wao wenyewe, wapo walioendelea kuishikilia hadithi mpya. Mimi na insha yangu mkononi niliwaelewa sana. Hata leo nikifumba macho, televisheni ile ipo.

Kwa hiyo swali lako la kamera: hapana. Usiku ule wa baba haukuhifadhiwa kichwani mwako kama mkanda mmoja. Ulichoona kilishughulikiwa sehemu za nyuma ya ubongo, ulichosikia pembeni, hofu ina sehemu yake inaitwa amigdala, na kuna kiungo kidogo kila upande, ndani usawa wa masikio, kinaitwa hipokampasi, ambacho ni kama uzi unaozishika shanga zikae mkufu mmoja. Ukikumbuka, unazikusanya shanga na kuzitunga upya. Penye pengo, ubongo hauachi pengo. Unachomeka shanga inayofanana, iliyotoka kwenye mazoea, kwenye picha uliyoona, kwenye maneno ya dada.

Na kuna kubwa zaidi ya hilo. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake huko New York walifanya jaribio kwa panya. Waliwafundisha kuogopa mlio fulani kwa kuufuatisha na shoti ya umeme. Baadaye wakawasikilizisha mlio ili wakumbuke, na papo hapo wakawachoma kwenye amigdala dawa inayozuia protini mpya kutengenezwa. Hofu ya zamani ikaisha. Panya waliochomwa dawa bila kukumbushwa kwanza, hofu yao ilibaki vile vile. Maana yake, kumbukumbu inapoguswa inalainika kama udongo wa mfinyanzi uliomwagiwa maji tena, halafu inakaushwa upya. Binadamu si panya, na kuna ubishi mwingi kuhusu sheria hii inafika wapi, ila mimi naliona hili kwangu: zile siku nilizozisimulia mara mia ndizo zilizopinda zaidi, na zile ambazo sikumwambia mtu zimenyooka.

Wewe na kaka yako mmeisimulia ile safari ya hospitali mara ngapi? Kwenye matanga, kwenye arobaini, kwa wake zenu, kwa shemeji waliochelewa kufika. Na kila mmoja amesikiliza hadithi ya mwenzake.

Maneno ya muulizaji nayo yanaingia. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja likaulizwa magari yalikuwa mwendo gani "yalipogongana", jingine likapewa neno zito zaidi, kama kusema "yalipopondana". Wiki moja baadaye wote wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Wa neno zito, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Wa neno jepesi, 7 kati ya 50. Kwenye filamu vioo vilivyovunjika havikuwepo. Neno moja tu, mkuu. Sasa fikiria shangazi anayeuliza, "Hivi wakati ulipombeba baba, alisema nini?" Keshakubebesha tayari.

Mawakili waliopo humu watakumbuka shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, la 1980. Mahakama yetu ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe: shahidi alimtazama kwa muda gani, umbali gani, palikuwa na mwanga gani, alikuwa anamjua kabla au la. Nilidhani hiyo ni mbinu ya kuwatetea wezi. Tangu lile daftari nimeacha kudhani hivyo.

Mchangiaji mmoja hapo juu kasema yeye anasahau funguo na majina ya watu, basi naye ana ugonjwa huo huo. Hapana bwana, hilo ni jingine na jepesi. Funguo hukuzisahau, hukuziweka kichwani kabisa: mkono uliziacha juu ya friji huku akili iko kwenye simu. Kisichoingia hakitoki. Na majina yanapotea kwa sababu hayana pa kujishikiza. Ukiambiwa mtu ni seremala, unaona randa na vumbi la mbao. Ukiambiwa anaitwa fulani, huoni kitu. Lala usingizi wa kutosha, mtaje mtu jina lake mara mbili tatu mnapoongea, inatosha.

Lakini yule aliyeuliza kuhusu mama mkwe wake aliyepotea njia ya sokoni aliyoipita miaka arobaini, huyo asisubiri ushauri wa hapa. Hiyo si kumbukumbu kupinda, hiyo ni ya kwenda kwa daktari, na si mara zote ni ugonjwa usio na dawa. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, sonona, hata dawa anazotumia, vyote vinaweza kuleta hali hiyo na vinatibika.

Bibi yangu mzaa mama tulichelewa. Miaka yake ya mwisho aliniita kwa jina la mjomba, na kila magharibi aliuliza kama babu keshakula, babu aliyezikwa 1987. Majirani wakasema karogwa. Lakini mpe miyaa: anasuka ukili bila kutazama, mistari imenyooka, rangi zinapishana pale pale zinapotakiwa. Ilinishangaza mpaka niliposoma habari za Henry Molaison, kijana wa Marekani aliyepasuliwa 1953 akiwa na miaka 27 ili atibiwe kifafa, wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo tukio jipya halikukaa kwake. Unatoka chumbani, ukirudi anakusalimu upya. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuangalia kwenye kioo, ambayo ni ngumu kwa yeyote. Siku ya tatu mkono wake ulikuwa umeiva, na bado yeye aliamini hajawahi kuiona kazi hiyo. Alifariki 2008. Kumbe ujuzi wa mikono unapita njia nyingine, ndiyo maana bibi alipoteza jina langu na hakupoteza ukili.

Turudi kwako. Inawezekana kabisa kaka yako anaona kwa macho yake akimbeba baba, kama mimi ninavyoiona televisheni. Inawezekana wewe pia. Inawezekana mlimbeba wawili, mmoja kichwani na mmoja miguuni, halafu kila mmoja akamfuta mwenzake kidogo kidogo. Au alimbeba jirani. Kuapa hakusaidii, maana mwenye kuapa kwa nguvu kuliko wote kwenye familia yetu nilikuwa mimi.

Tafuteni karatasi. Ile kadi ya hospitali, au risiti ya siku ya kwanza, au fomu ya kulazwa: kuna mahali ndugu wa mgonjwa anaandika jina na kusaini. Mama zetu hawatupi vitu hivyo, angalia chini ya sanduku. Mkiipata msifungue mmoja mmoja, fungueni pamoja, na mama awepo. Kisha rudi utuambie jina lililoandikwa. Mimi daftari langu limebaki kwa dada, amekataa kunirudishia, anasema wageni wakija huwasomea ile sentensi ya mtihani wa hesabu.